Ubingwa wa Grand Prix huenda kwa anayekamilisha

Julai 1977, katika uwanja wa Silverstone nchini Uingereza, Renault iliingiza mashindanoni gari la manjano lililobeba kitu ambacho hakuna timu nyingine ya Formula 1 iliyokuwa nacho: injini ndogo ya lita 1.5 yenye turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Kanuni zilizokuwepo tangu mwaka 1966 ziliruhusu injini ya lita 3 ya kawaida, au ya lita 1.5 inayosukumiwa hewa, na kwa miaka yote hiyo timu zilikuwa zimeshika njia ya kwanza kwa kuamini kwamba ya pili haina tija. Jean-Pierre Jabouille hakumaliza mbio za siku hiyo kwa sababu turbo iliharibika. Ikawa hivyo mara kwa mara, gari likifuka moshi kando ya barabara, hadi likabandikwa jina la buli la manjano. Miaka miwili baadaye Jabouille alishinda Dijon, na ikawa dhahiri kwamba zama za injini za kawaida zimeanza kuhesabiwa siku. Hata hivyo timu hiyo ya Renault haikuonja ubingwa hata mara moja. Mwaka 1983 Alain Prost alifika kwenye mbio za mwisho, Kyalami nchini Afrika Kusini, akiwa anaongoza msimamo wa madereva, turbo ikamwangusha, na taji likachukuliwa na Nelson Piquet kwa tofauti ya pointi mbili. Piquet aliendesha Brabham yenye injini ya BMW, nayo ya turbo, ambayo bloku yake ya silinda nne ilitokana na injini za magari ya kawaida ya kampuni hiyo. Mwisho wa mwaka 1985 Renault iliifunga timu yake.

Nimeanza na Renault kwa sababu historia ya magari ya Grand Prix husimuliwa kwa kawaida kama msafara wa wavumbuzi: huyu aliweka injini nyuma, yule akaleta turbo, mwingine akatumia nyuzi za kaboni, na kila mmoja akavuna ubingwa kwa akili yake. Tukipitia magari yenyewe, moja baada ya jingine, ushahidi hauelekei huko. Gari linalotwaa ubingwa ni lile ambalo ndani yake wazo lililokwisha kujulikana, na mara nyingi lililokwisha kumshinda mtu mwingine, limepatanishwa na injini, tairi, mafuta, uzito na kanuni za mwaka husika, kisha likaweza kufika mwisho wa mbio. Kazi hiyo ya kupatanisha haina mvuto katika simulizi, lakini ndiyo iliyoleta mataji, na naamini wanaoifanya hawajawahi kupewa heshima wanayostahili.

Tazama suala la injini kukaa nyuma ya dereva. Sifa yake hupewa Charles Cooper na mwanawe John, ilhali Auto Union ya Ujerumani ilikwisha kukimbiza magari ya namna hiyo katika miaka ya 1930, yakiwa na nguvu nyingi na tabia ya kumponyoka dereva sehemu ya nyuma bila dalili ya mapema. Akina Cooper hawakulifufua wazo hilo kwa nadharia. Baada ya vita walikuwa wakitengeneza vigari vya injini ya pikipiki ya sentimita za ujazo 500, na kwa kuwa injini hiyo ilizungusha magurudumu ya nyuma kwa mnyororo, mahali rahisi pa kuifunga palikuwa nyuma ya kiti. Walikaa miaka wakirekebisha kigari hicho, wakijifunza hatua kwa hatua jinsi kinavyoingia na kutoka kwenye kona, na kila toleo jipya likaongezewa injini kubwa kidogo kuliko lililotangulia.

Januari 1958, mjini Buenos Aires, Stirling Moss aliendesha Cooper ya timu binafsi ya Rob Walker, yenye injini isiyofika lita 2, dhidi ya Ferrari za lita 2.4. Alimaliza mbio nzima bila kubadilisha tairi, akamshinda Luigi Musso kwa chini ya sekunde tatu huku tairi zake zikiwa zimelika hadi kwenye nyuzi. Ushindi ule haukuwa wa bahati. Injini ikikaa nyuma hakuna shafti ndefu ya kupita chini ya dereva, kwa hiyo dereva hushuka chini, gari huwa jembamba na jepesi, na gari jepesi halili tairi wala mafuta kwa kasi ya wenzake. Jack Brabham alitwaa ubingwa wa mwaka 1959 na wa 1960 kwa Cooper yenye injini ya Coventry Climax ambayo haikuwa na nguvu kama zile za Ferrari, na katika mwaka huo wa pili alishinda mbio tano mfululizo. La kufundisha zaidi ni la mwaka uliofuata. Ferrari, iliyokuwa imeng'ang'ania injini ya mbele kuliko wote, ilihamisha injini nyuma kwa ajili ya msimu wa 1961 na ikatwaa ubingwa papo hapo kupitia Phil Hill. Ilichelewa kukubali, lakini ilipokubali ilikuwa na injini bora kwa kanuni mpya za lita 1.5, na hilo likatosha.

Atakayepinga hoja hii atamtaja Colin Chapman, na ana haki ya kumtaja. Mwanzilishi huyo wa Lotus alivumbua na kuvuna pia, tena zaidi ya mara moja. Lakini tuangalie jinsi alivyovuna. Lotus 25 ilitokea Zandvoort mwaka 1962 ikiwa na bodi iliyoundwa kama ya ndege: badala ya fremu ya mabomba, mabati mepesi yalikunjwa na kuunganishwa yakawa sanduku moja linalobeba mizigo yote, gumu kuliko fremu na jepesi kuliko fremu. Kwa kasi, gari hilo lilistahili ubingwa mwaka ule ule. Jim Clark aliwasili East London, Afrika Kusini, kwa mbio za mwisho akihitaji ushindi tu, akaongoza kwa raha, kisha boliti moja ya injini ikalegea na kuchomoka, mafuta ya kulainishia yakaanza kuvuja, na Graham Hill akapita na BRM yake hadi kwenye taji. BRM ile haikuwa na sanduku la mabati wala jambo lolote la kushangaza watu. Ilikuwa na injini nzuri ya V8 na mafundi waliokwisha kuchoshwa na miaka mingi ya kushindwa, na kwa hiyo walikagua kila kitu. Mwaka uliofuata Chapman alirudi na gari lile lile likiwa limetulia, na Clark akashinda mbio 7 kati ya 10. Mvumbuzi na mkamilishaji walikuwa mtu mmoja, ila kati ya kazi hizo mbili ulipita mwaka mzima na ubingwa mmoja ukapotea.

Lotus 72 ya mwaka 1970 ilifuata njia hiyo hiyo, kwa gharama ninayoona vigumu kuiandika kwa utulivu. Ilikuwa na umbo la kabari, rejeta zikiwa pembeni badala ya puani, na breki za mbele zilihamishwa kutoka kwenye magurudumu hadi ndani ya bodi ili magurudumu yawe mepesi. Ilipoanza haikufaa. Mfumo wake wa springi ulikuwa umepangwa kulizuia gari lisiiname puani wakati wa kufunga breki wala lisiketi nyuma wakati wa kuongeza kasi, na matokeo yake ni kwamba dereva alinyimwa hisia ya kile tairi zinachofanya. Jiometria hiyo ikabomolewa na kupangwa upya, na Jochen Rindt akashinda mbio nne mfululizo, kuanzia Zandvoort hadi Hockenheim. Septemba, katika mazoezi ya Monza, fimbo inayounganisha gurudumu la mbele na breki ile ya ndani ilikatika alipokuwa akipunguza mwendo, gari likagonga ukingo, naye akafa. Pointi zake hazikufikiwa na mtu, kwa hiyo ndiye bingwa wa dunia wa pekee aliyetawazwa baada ya kifo. Gari liliendelea kuboreshwa na likatwaa ubingwa wa watengenezaji, ule unaopewa timu badala ya dereva, mwaka 1970, 1972 na 1973. Ninaposema kukamilisha sina maana ya kutafuta kasi tu. Fimbo isiyokatika ni sehemu ya gari la ubingwa sawa na injini yake, na hakuna hoja ya ushindani inayoweza kumfanya mtu aseme vinginevyo.

Katika miaka hiyo karibu timu zote za Uingereza zilitumia injini moja, Cosworth DFV ya Keith Duckworth, iliyogharimiwa na Ford na kushinda mara ya kwanza ilipokimbia, Zandvoort mwaka 1967, ndani ya Lotus 49. Kufikia mwaka 1983 ilikuwa imeshinda mbio 155 za Grand Prix. Kwa mchambuzi, kipindi hicho ni zawadi, kwa sababu timu nyingi zikiwa na injini moja, tofauti ya magari hubaki kwenye mpangilio wake, na mpangilio huonekana wazi.

Ndipo tunafika kwenye sakafu ya gari, ambapo hoja yangu inaonekana kwa karibu kuliko popote. Timu ya Lotus, Peter Wright akiwa mmoja wa wahandisi wake, ilipima katika handaki la upepo la Imperial College, London, mfano wa gari lenye sanduku pana kila upande, na chini ya masanduku hayo umbo la bawa lililopinduliwa. Hewa inayopita chini ya gari hubanwa pale njia inapokuwa nyembamba, huenda kasi, msukumo wake hushuka, na gari hufyonzwa kuelekea barabarani bila kubeba uzito wa ziada. Yote hayo hutegemea hewa ya pembeni isiingie. Kwa hiyo Lotus 78 ya mwaka 1977 ilifungwa kingo za brashi chini ya masanduku hayo, brashi zikavujisha, zikabadilishwa na sketi ngumu zilizopanda na kushuka zikigusa lami muda wote. Mario Andretti alishinda mbio nne mwaka huo, nyingi kuliko dereva mwingine yeyote. Ubingwa ulikwenda kwa Niki Lauda aliyeshinda tatu, katika Ferrari 312T2 isiyo na sakafu ya ajabu, kwa sababu injini za Andretti zilikufa mara nyingi mno na Ferrari ya Lauda ilifika nyumbani.

Toleo la 1978, Lotus 79, lilisahihisha makosa ya dada yake. Mfyonzo wa hewa ulirudishwa nyuma zaidi, kwa maana katika gari lililotangulia ulikaa mbele mno na kulazimisha bawa kubwa la nyuma lililopunguza mwendo kwenye njia iliyonyooka. Matangi ya pembeni yaliondolewa na petroli yote ikawekwa katika tangi moja nyuma ya dereva, na springi za nyuma zikaingizwa ndani ili zisizuie hewa inayotoka. Andretti akawa bingwa, na mwenzake Ronnie Peterson akafariki dunia baada ya ajali ya Monza.

Tungetarajia kwamba aliyelijua jambo hili kabla ya wote angelitawala kwa miaka. Haikuwa hivyo. Chapman aliruka mbele zaidi na Lotus 80, ambayo sketi zake zilienea karibu gari zima kwa nia ya kuachana kabisa na mabawa, na gari hilo likawa linadundadunda lenyewe kila mkandamizo, yaani nguvu ya hewa inayolibana gari kwenye barabara, ulipopanda na kukatika, hata likaachwa. Wakati huo huo Patrick Head wa Williams alikuwa amekaa na wazo la Lotus 79 akiuliza swali dogo: kwa nini gari hili halitumii mkandamizo wote linaoupata? Jibu lake lilikuwa kwamba chasisi yenyewe ilijipinda. Williams FW07 ilikuwa Lotus 79 iliyofikiriwa upya na mtu aliyejali ugumu wa mwili wa gari, na kuanzia mbio za Silverstone za Julai 1979 ilishinda mbio 5 kati ya 7 zilizobaki. Mwaka 1980 ilimpa Alan Jones ubingwa wa madereva na Williams ubingwa wa watengenezaji, na mwaka 1981 ikaleta wa pili wa watengenezaji. Wapo wanaoona hilo ni kunakili. Mimi naliona kuwa uhandisi wa daraja la juu, kwa kuwa kulitambua tatizo ndani ya gari la mwenzako lililotwaa ubingwa kunahitaji jicho kali kuliko kuanza na karatasi tupu.

Nyuzi za kaboni nazo zilisubiri. McLaren MP4/1 ya John Barnard ilileta mwaka 1981 chasisi ya kaboni iliyotengenezwa na kampuni ya Hercules ya Marekani, ikashinda Silverstone, na Monza ikamtoa John Watson mzima katika ajali iliyogawanya gari vipande viwili. Ubingwa haukuja hadi 1984, chasisi hiyo ilipopata injini iliyotengenezwa kwa masharti yake. Barnard aliwaeleza wahandisi wa Porsche upana anaoutaka na mahali ambapo pampu na mabomba hayaruhusiwi kukaa ili njia ya hewa chini ya gari ibaki wazi, na wao wakamtengenezea V6 ya turbo kwa vipimo hivyo. MP4/2 ilishinda mbio 12 kati ya 16, huku Lauda akimzidi Prost kwa nusu pointi.

Iwapo msomaji atapenda mfano mmoja tu wa kubaki nao, nampa McLaren MP4/4 ya mwaka 1988, iliyoshinda mbio 15 kati ya 16 na kukusanya pointi 199 wakati Ferrari iliyoshika nafasi ya pili ilipata 65. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwa turbo, na kanuni ziliandikwa ili kuzibana: msukumo wa hewa ulishushwa hadi bar 2.5 na petroli ya mbio nzima isizidi lita 150, ilhali injini za kawaida za lita 3.5 hazikuwekewa kikomo cha petroli. Wengi walitarajia pengo kati ya aina mbili hizo lizibwe. Honda iliisoma kanuni hiyo kama mtihani wa matumizi ya mafuta, ikaitengeneza upya V6 yake kwa ajili ya mwaka mmoja tu, ikashusha mhimili wake chini kwa kutumia klachi ndogo, na McLaren ikajenga juu yake gari fupi la kimo ambalo dereva alikuwa karibu amelala.

Wazo la gari la kimo kifupi lilikuwa na historia ya kusikitisha. Mhandisi Gordon Murray alikuwa amelijaribu katika timu ya Brabham mwaka 1986, kwenye gari la BT55, akiilaza injini ya BMW ubavu ili sehemu ya nyuma ya gari iwe chini na bawa lipate hewa safi. Injini iliyolazwa haikurudisha mafuta yake ya kulainishia ipasavyo, ikapoteza nguvu, na gari halikushinda hata mara moja. Dereva wake Elio de Angelis alifariki dunia baada ya ajali alipokuwa akilifanyia majaribio katika uwanja wa Paul Ricard. Murray alihamia McLaren, ambako Steve Nichols aliongoza usanifu wa MP4/4, na ubishi kuhusu nani kati yao anastahili sehemu gani ya sifa haujaisha. Kwangu ubishi huo si wa msingi sana kuliko jambo ambalo wote wawili hawawezi kulikana: umbo lililoanguka mwaka 1986 lilisimama mwaka 1988 kwa sababu lilipata injini iliyo chini kwa asili yake, isiyohitaji kulazwa.

Na kwa wanaosema kwamba siri ilikuwa Honda pekee, jibu liko kwenye orodha ya matokeo ya msimu huo huo. Lotus 100T ilitumia injini ya Honda ya mwaka ule, ikiendeshwa na Piquet aliyekuwa bingwa mtetezi, na haikushinda mbio hata moja. Dereva bora na injini bora vilikaa ndani ya mwili usiopatana navyo. McLaren yenyewe iliukosa ushindi wa kumi na sita Monza, injini ya Prost ilipokufa na Ayrton Senna akagongana na Jean-Louis Schlesser aliyekuwa mzunguko mmoja nyuma, na Gerhard Berger akaipa Ferrari ushindi wiki chache baada ya kifo cha Enzo Ferrari.

Williams FW14B ya mwaka 1992 hutajwa kama kilele cha teknolojia, na naafiki, lakini ni kilele kilichopandwa na watu wengi. Springi zinazoongozwa na kompyuta zilianzia Lotus, iliyozikimbiza mwaka 1983 na kushinda nazo Monaco na Detroit mwaka 1987 kupitia Senna, kisha ikaziacha. Giaboksi inayobadilishwa kwa vidole nyuma ya usukani ililetwa na Barnard katika Ferrari 640 ya mwaka 1989, ambayo ilishinda mbio zake za kwanza nchini Brazil na baada ya hapo ikaharibika mara nyingi mno kuweza kugombea taji. Williams yenyewe ilikwisha kuadhirika: mwaka 1988 mfumo wake wa springi uliwatesa hadi wakaung'oa katikati ya wikendi ya mbio za Silverstone na kufunga springi za kawaida, na Nigel Mansell akamaliza wa pili. Wengine wangelizika wazo hilo hapo. Williams ilirudi nalo maabara na kulishughulikia kwa miaka, Paddy Lowe akisimamia upande wa kielektroniki, kwa lengo moja lisilobadilika. Adrian Newey alikuwa amechora sakafu na mabawa yaliyofanya kazi vizuri sana mradi gari likae kimo kimoja kutoka ardhini. Likiinama puani wakati wa breki au likilala upande kwenye kona, mkandamizo ulipotea. Basi kila gurudumu likapewa silinda ya haidroliki badala ya springi ya kawaida, kompyuta ikasoma mwendo wa gari na kuisukuma au kuilegeza silinda hiyo papo kwa papo, na sakafu ikabaki pale Newey alipoitaka. Mansell alishinda mbio tano za kwanza za msimu na akawa bingwa mwezi Agosti nchini Hungaria, bado mbio tano zikisalia.

Mifumo hiyo ilipigwa marufuku kuanzia mwaka 1994, na hapa ndipo nafasi ya kanuni inapojitokeza. Gari bingwa limepatanishwa na kanuni za wakati wake kiasi kwamba sentensi moja ikibadilika huweza kuanguka lote. Ferrari F2004 ilishinda mbio 15 kati ya 18, ikiwa imejengwa pamoja na Bridgestone kiasi kwamba tairi na chasisi vilikuwa kitu kimoja. Mwaka 2005 kanuni ilitaka seti moja ya tairi imalize mbio nzima, na Ferrari ikashinda mara moja tu, Indianapolis, siku ambayo magari sita pekee ndiyo yalikimbia. Michael Schumacher hakuwa amesahau kuendesha, wala wahandisi walioongozwa na Ross Brawn na Rory Byrne hawakuwa wamepoteza akili zao kwa miezi michache.

Brawn huyo huyo alikuwa upande wa pili wa jambo hili mwaka 2009. Kanuni mpya zilikuwa zimebana sehemu ya nyuma ya sakafu, na timu tatu, yaani Brawn (timu yake mwenyewe), Toyota na Williams, ziligundua kwamba maneno ya kanuni hizo yaliruhusu tundu linaloelekeza hewa kwenye ngazi ya pili ya njia ya hewa chini ya gari. Magazeti yaliandika kwamba tundu hilo ndilo lililompa dereva wa Brawn, Jenson Button, ubingwa. Kama ingekuwa hivyo, Toyota na Williams nazo zingeshinda, na hazikushinda hata mbio moja mwaka ule. Gari la Brawn lilikuwa limeanza kuchorwa mapema mno, enzi timu ikiwa mali ya Honda, kwa uamuzi mgumu wa kuutelekeza msimu wa 2008, na muda huo wa ziada ulikuwa na thamani kuliko tundu.

Mpangilio ule ule ulijirudia mwaka 2014. Mercedes ilitenganisha sehemu mbili za turbo, kompresa inayosukuma hewa ikakaa mbele ya injini na tabini inayozungushwa na moshi nyuma, mota ya umeme ikiwa katikati, jambo lililofupisha mabomba na kuruhusu bodi kubanwa zaidi. Ilishinda mbio 16 kati ya 19. Williams, Force India na McLaren zilinunua injini hiyo hiyo na hakuna iliyoshinda. Chasisi ya Mercedes ilichorwa ikiijua injini tangu mwanzo, wakati wateja waliipokea ikiwa imekwisha kuamuliwa.

Kwa hiyo sikushangaa sana kwamba hatua za kubana matumizi hazikuzuia utawala wa timu moja. Tangu 2021 timu zina kikomo cha fedha, na bingwa hupewa muda mchache zaidi wa handaki la upepo kuliko walio nyuma yake. Red Bull ilikatwa asilimia 10 zaidi ya muda huo kwa kuvuka kikomo cha fedha cha mwaka 2021, na bado mwaka 2023 gari lake la RB19 lilishinda mbio 21 kati ya 22. Sakafu zinazofyonza zilikuwa zimerudishwa mwaka 2022, na Mercedes iliteswa na kudundadunda kule kule kulikoiua Lotus 80. Newey, ambaye sakafu za aina hiyo alizisomea tangu akiwa mwanafunzi wa uhandisi wa ndege Southampton, alikuwa Red Bull. Unaweza kumpunguzia mtu saa za majaribio, lakini huwezi kumpunguzia anachokwisha kukijua.

Wanaodai kanuni zaidi za kusawazisha timu wanapaswa kuangalia lililofuata. McLaren ilianza mwaka 2023 mkiani, ikabadilisha gari lake kwa kiasi kikubwa kuanzia mbio za Austria, ikaendelea kulirekebisha kipande kwa kipande ndani ya kikomo kile kile cha fedha, na mwaka 2024 ikatwaa ubingwa wa watengenezaji kwa mara ya kwanza tangu 1998. Mwaka 2025 iliutetea ubingwa huo, na Lando Norris akaongeza wa madereva. Injini iliyokuwa mgongoni mwa magari hayo ilinunuliwa kutoka kwa Mercedes, ambayo kwa injini hiyo hiyo ilimaliza nyuma yake.